Kurudisha samoni: ukingoni, kwenye kizuizi au mlangoni mwa mto?

Ukiishi Kent au Tukwila, kusini mwa Seattle, mto wa samoni unapita nyuma ya maduka unakonunua unga. Ni mto Green, ambao ukishafika Tukwila huitwa Duwamish, na kila vuli samoni hupanda humo kutoka Pasifiki kwenda kutaga walikozaliwa. Wazungumzaji wa Kiswahili wapo katika miji hiyo, na kijana aliyechoka na kazi ya ghala husikia kwamba kuna watu wanaolipwa kurudisha makazi ya samaki. Akifungua matangazo anakuta picha ileile: mtu yumo majini hadi kiunoni, anacheka, kashika samaki. Tangazo halimwambii kwamba katika kazi nyingi za aina hii unaweza kumaliza msimu mzima bila kumgusa samoni hata mmoja.

Basi tuziangalie kazi zenyewe. Kubwa ni tatu: kupanda miti ukingoni mwa mto, kuondoa vinavyomzuia samaki kupanda, na kufufua mlango wa mto pale maji ya mto yanapokutana na bahari. Zipo na nyingine ndogondogo, nitazigusa. Ninazungumzia zaidi jimbo la Washington, lakini mwenye kuishi Oregon au kaskazini mwa California atakuta mambo ni yaleyale, tofauti ni jua tu.

Samaki mwenyewe ndiye anayeamua kazi gani ina maana wapi. Samoni huanguliwa kwenye changarawe ya kijito, hushuka baharini, hukaa huko, hurudi kutaga, kisha hufa. Ratiba haifanani kwa kila aina ya samoni. Samoni wa pinki hurudi akiwa na miaka 2. Coho kwa kawaida 3. Chinook, mkubwa kuliko wote, mara nyingi 3 hadi 5. Vifaranga vya coho hukaa kijitoni karibu mwaka mzima, kwa hiyo wanaumia sana kijito kikipata joto au kikikauka. Vifaranga vya chum na pinki hushuka upesi. Chinook wa ghuba ya Puget Sound wengi wao hushuka wakiwa wadogo na kunenepa mlangoni mwa mto kwa majuma kabla ya kuikabili bahari kuu. Chinook hawa waliwekwa kwenye orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini mwaka 1999. Kwa hiyo mtu akikwambia "tunamsaidia samoni", muulize samoni yupi.

Ukingoni: miche, miiba na subira

Hii ndiyo kazi rahisi kuipata na ndiyo watu wengi wanayoanza nayo. Lengo ni kivuli, maana samoni ni samaki wa maji ya baridi: joto likipita nyuzi 20 za Selsiasi anaanza kutaabika. Miti pia hushika udongo wa kingo, huangusha wadudu majini wakawa chakula cha vifaranga, na ikizeeka huanguka mtoni na kutengeneza vidimbwi vya kujifichia.

Kupanda ni kati ya Novemba na Machi, miti ikiwa imelala. Maana yake ni mvua ya manyunyu, tope na vidole vilivyokufa ganzi, kutwa. Hupandwa mierezi myekundu, misonobari ya Sitka, na karibu na maji hupandwa vipande vya mierebi. Hivi vya mwisho vina ufundi wake na yeyote aliyewahi kupanda muhogo ataushika mara moja: unakata fimbo mbichi yenye urefu wa kama mita moja, unaichonga upande wa chini, unaikita kwenye tope hadi theluthi mbili zimezama. Macho yatazame juu. Ukiigeuza kichwa chini haioti, na kwenye mvua, fimbo zote zikiwa na rangi moja, kugeuza ni rahisi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana ncha ya chini huchongwa mapema, palepale unapokata.

Kiangazi ndipo kazi inapokuwa kazi. Adui mkubwa ni mberi wa Himalaya, kichaka cha miiba chenye matunda meusi matamu ambacho kimefunika kingo za mito ya Washington magharibi. Ukikifyeka juu tu, kinachipua kwa hasira. Inabidi ufuate kila shina hadi kwenye kichwa cha mzizi na kuking'oa kwa sululu. Upo na mmea mwingine uliotoka Japani, wenye mashina yenye pingili mithili ya mianzi, ambao kipande kidogo tu kikisombwa na maji huota kule kitakakotua. Huo haufyekwi ovyo. Hudungwa dawa ndani ya shina, tena na mwenye leseni ya kutumia dawa hizo. Kama kikundi unachokwenda kinakupa pampu ya dawa bila mafunzo wala glavu, rudi nyumbani.

Matokeo? Kivuli cha maana huchukua miaka kumi na zaidi. Miti ya kuanguka mtoni ni ya wajukuu. Na hapa nina neno kuhusu kazi hii: siku ya kupanda huja watu wengi na kamera, siku ya kupalilia hawaji. Julai na Agosti huko hakunyeshi, na mche uliopandwa Januari bila kuwekewa matandazo wala kuondolewa magugu unakauka kimyakimya kiangazi chake cha kwanza. Kabla hujampa mtu Jumamosi zako, muulize nani atapalilia mwaka wa tatu. Mwenye jibu la haraka, huyo mfuate.

Kwenye kizuizi: matokeo ya haraka, lakini mashine ndiyo inayofanya kazi

Ukitaka kuona faida kwa macho yako, hakuna inayoishinda hii. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, ambako mabwawa manne ya umeme yaliondolewa, la kwanza 2023 na matatu yaliyobaki 2024. Kazi mtoni ilikamilika mapema Oktoba 2024, na kabla mwezi haujaisha chinook walishaonekana Oregon, juu ya palipokuwa na kuta, mahali ambapo hawakuwa wamefika tangu 1912. Ilikuwa kilio cha miaka mingi cha wenyeji wa asili wa bonde hilo, Wayurok, Wakaruk na Waklamath, hasa baada ya 2002, makumi ya maelfu ya samoni walipokufa sehemu ya chini ya mto huo.

Kabla ya Klamath ulikuwepo mto Elwha, kaskazini mwa rasi ya Olympic, Washington. Kuta mbili, moja ya mwaka 1913 yenye mita 33 na nyingine ya 1927 yenye mita 64, zilibomolewa kuanzia Septemba 2011 hadi 2014. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria yake tangu 1992. Hesabu mwenyewe muda wa kungoja.

Ila usidanganyike: hutaajiriwa kulipua ukuta. Hata kizuizi kidogo, ambacho ndicho kingi, ni kazi ya makandarasi. Nazungumzia kalavati. Barabara inapovuka kijito huwekwa bomba. Bomba likiwa jembamba, maji hupita kwa kasi kuliko samaki anavyoweza kuogelea, na upande wa chini maji huchimba shimo hadi mdomo wa bomba ukabaki unaning'inia hewani. Samoni anaruka, anagonga chuma, anarudi. Makabila 21 ya wenyeji yalikwenda mahakamani mwaka 2001 kuhusu makalavati ya jimbo la Washington. Hoja yao ilitokana na mikataba ya miaka ya 1850 na hukumu ya Jaji George Boldt ya 1974 iliyowapa haki ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa: haki ya kuvua ina faida gani kama barabara za serikali zinamaliza samaki? Mwaka 2013 mahakama iliamuru jimbo lirekebishe, na 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilipogawanyika 4 kwa 4, amri ikabaki. Jimbo limepewa hadi 2030 kufungua tena asilimia 90 ya makazi yaliyozibwa, kwa gharama ya mabilioni ya dola.

Nafasi yako mle ni ipi? Kabla, unapita vijitoni kupima kimo cha mdomo wa bomba, upana wa kijito na kasi ya maji. Wakati wenyewe, kiangazi maji yakiwa machache, kijito huzibwa kwa nyavu juu na chini, na timu huingia na ndoo kuhamisha vifaranga kabla tingatinga halijashuka. Siku hiyo ndiyo yenye samaki mkononi. Baada ya hapo mashine zinakuja, wewe unarudi na miche. Ni kazi inayotaka mtu wa vipimo, asiyechoka kujaza fomu, na mara nyingi wanataka uwe umesoma biolojia au umewahi kufanya upimaji.

Kuna upande wa pili wa kazi hii unaochekesha kidogo. Hadi miaka ya 1970 mamlaka zenyewe zilikuwa zinalipa watu kutoa magogo mitoni, zikiamini yanazuia samaki. Leo zinalipa watu kuyarudisha, mti mzima na mizizi yake, wakati mwingine kwa helikopta. Kwenye vijito vidogo vikundi hukita nguzo na kusuka matawi kuiga vibwawa vya biva, yule mnyama mguguna miti, na mara nyingi biva mwenyewe huja akaendeleza ujenzi bure. Katika kijito cha Bridge Creek, Oregon, watafiti walionyesha kuwa mbinu hiyo iliongeza wingi na uhai wa vifaranga vya steelhead, ndugu wa samoni. Kusuka vibwawa hivi kunahitaji mikono mingi na mashine chache. Ukiweza kupata nafasi huko, ichukue bila kufikiri mara mbili.

Mlangoni mwa mto: hapa mtu wa pwani hajifunzi upya

Anayejua bamvua na maji mafu ana mtaji wake tayari. Kazi hupangwa kwa kupwa na kujaa, wala saa ya ofisini haina usemi. Puget Sound ina kituko chake: maji hupwa sana mchana wakati wa kiangazi, na usiku wakati wa baridi. Kwa hiyo kukagua chaza Januari ni kazi ya saa nne za usiku, taa kichwani, kidole hakisikii kisu.

Kwa zaidi ya karne moja wakulima walijenga matuta kuzuia bahari isifike kwenye mabonde ya mito, na vifaranga vya chinook vikapoteza vihori vya kunenepea. Kufufua ni kuyabomoa matuta hayo na kuiacha bahari iingie. Nisqually, karibu na Olympia, tuta liliondolewa 2009 na ekari 762 zikarudishwa kwenye maji ya bahari. Hifadhi hiyo leo ina jina la Billy Frank Jr., mzee wa Kinisqually aliyekamatwa mara nyingi kwa kutetea haki ya kuvua. Mwaka 2015 kabila la Tulalip na washirika wake wakafungua tuta la Qwuloolt, Marysville, zaidi ya ekari 350.

Tuta likishafunguka, kazi ya mikono inaanza. Unatega nyavu kwenye vihori maji yakijaa na kuhesabu vilivyobaki maji yakipwa. Unapanda majani ya baharini. Unapepeta mchanga wa ufukweni kutafuta mayai ya visamaki ambavyo chinook huvila, mayai madogo yanayoonekana vizuri kwa darubini tu. Unatega kaa wa kijani wa Ulaya, mgeni anayechimbua majani hayo na kula chaza wachanga, ambaye gavana wa Washington alitangaza hali ya dharura kwa sababu yake Januari 2022. Vita vya namna hiyo hushindika: Willapa Bay, nyasi ngeni za Spartina zilikuwa zimetanda zaidi ya ekari 8,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya miaka ya kazi ya mfululizo zimebaki mabaki ya kutafutwa.

Mwenye uzoefu wa mikoko Gazi au Rufiji ataelewa haraka kanuni ya huku: rudisha kwanza njia ya maji, mimea mingi itakuja yenyewe. Elwha ilionyesha hilo bila mtu kupanda chochote baharini. Mchanga uliokuwa umenaswa nyuma ya kuta ulishuka, ukajenga upya ufukwe wa mlangoni uliokuwa umebaki mawe, na viumbe wa mchangani wakahamia.

Kasoro za kazi hii nazo zisifichwe. Tope linavua buti. Nafasi ni chache kuliko za kupanda miti, nyingi ziko mikononi mwa makabila, vyuo na idara za serikali, na nyingine zinataka uwe na mazoea ya boti. Na kama utafanya kazi kwenye Duwamish ya chini, kumbuka ni eneo ambalo serikali ya shirikisho ililiweka mwaka 2001 kwenye orodha ya maeneo yenye sumu ya kusafishwa. Idara ya afya huwaambia wakazi kwamba samoni anayepita humo analika, lakini samaki wanaokaa humo mwaka mzima, kaa na chaza wake si wa kuliwa. Mwambie na jirani anayevua pale kila wikendi.

Kuhesabu maiti

Kazi hii haipati wapenzi wengi, nami naipenda kuliko zote. Vuli unapita kijito kilekile kila baada ya siku saba au kumi, unahesabu walio hai, waliokufa na viota vya mayai kwenye changarawe. Maiti unampima, unatazama kama lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia lipo au limekatwa, maana vituo vya kuangulia vifaranga hulikata ili samaki wao wajulikane, kisha unamkata mkia asihesabiwe tena wiki ijayo. Harufu huingia hadi kwenye kola ya shati.

Jike wa coho unampasua tumbo. Likiwa tupu, alitaga. Likijaa mayai, alikufa bure. Kwenye vijito vya mjini kama Longfellow Creek, Seattle, majike wengi walikuwa wakikutwa na matumbo yamejaa, na miaka ilipita bila mtu kujua sababu. Desemba 2020 watafiti walitangaza mkosaji: kemikali ya 6PPD inayotiwa kwenye matairi yasipasuke, ambayo ikikutana na ozoni hugeuka sumu inayomuua coho kwa saa chache. Mvua ya kwanza ya vuli huisomba kutoka barabarani. Dawa inayoeleweka hadi sasa ni kuyapitisha maji ya barabara kwenye udongo wenye mboji kabla hayajafika kijitoni. Kwa hiyo katika kijito cha mjini, bustani ya kuchuja maji ya maegesho inaweza kumfaa coho kuliko mierezi mia moja.

Vituo vya kuangulia vifaranga vina ajira za kudumu na nyumba wakati mwingine, lakini huko ni ufugaji. Mwenye kutaka kurudisha makazi atafute pengine.

Mwaka mzima au Jumamosi?

Njia inayojulikana zaidi Washington ni Washington Conservation Corps, iliyoanza 1983 chini ya idara ya mazingira ya jimbo. Ni ya wenye miaka 18 hadi 25, ila waliowahi kuwa jeshini hawabanwi na ukomo huo wa umri. Unakuwa kwenye kikosi kidogo chenye msimamizi, unapanda, unafyeka, unajenga uzio, na yakitokea mafuriko au moto mnaweza kutumwa jimbo jingine. California ina Watershed Stewards Program, ya tangu 1994, inayoelekea zaidi kwenye upimaji na kuhesabu samoni. Zote mbili ni za AmeriCorps, mpango wa serikali ya shirikisho wa kuhudumia jamii: lazima uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu, na ukimaliza muhula unapata fedha za kulipia masomo. Aliyefika juzi na bado anangoja kadi yake ya ukaazi hana nafasi huko, bora ajue mapema asipoteze muda kujaza fomu. Jambo jingine la kuuliza: Aprili 2025 serikali ya shirikisho ilikata ghafla ruzuku nyingi za AmeriCorps, kwa hiyo muulize anayekuajiri fedha za mwaka huu zimetoka wapi na zimeshafika au zinangojwa.

Kujitolea Jumamosi hakuna posho, ila kwa kawaida hakuulizwi makaratasi, vifaa unakuta huko, na watoto huruhusiwa. Kwa Kiingereza kinachoanza, saa tatu za kupanda na watu wanaopenda kuongea zinafaa kuliko darasa.

Chaguo langu ni hili. Mwenye miaka 19, ana kadi na mgongo mzima, achukue mwaka wa kikosi, kwa sababu ataonja kazi zote na kujua ipi inamfaa. Mwenye shahada ya biolojia au samaki kutoka nyumbani asianze na miche. Aende kwenye kuhesabu au upimaji wa makalavati, awatafute pia watu wa uvuvi wa makabila, maana idara zao za maliasili huajiri wataalamu wa samaki wasio wa kabila. Aliyekulia Lamu, Tanga au Pemba aende mlangoni, hata kama atasubiri nafasi. Mama au baba mwenye watoto na Jumamosi moja kwa mwezi achague sehemu moja ya kupanda na kuirudia hiyohiyo, hasa Julai, watu wengine wanapokuwa ufukweni.

Muhula wa kikosi Washington huanza Oktoba, kwa hiyo matangazo yafuatilie tangu kiangazi. Nyavu na kuhamisha vifaranga ni Julai hadi Septemba. Kuhesabu huanza mvua za vuli zikishaijaza mito. Ukiyasoma haya Novemba, kinachopatikana ni sululu na miche, na koti la mvua unalipeleka mwenyewe.